Kabla hamjapanda mtumbwi wa Don Det, semeni habari ya pesa

Juzi msomaji mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Dada, mimi na mashoga zangu wanne tunataka kubeba mabegi kama mlivyofanya nyie kule Laos, kwenye kile kisiwa cha mtoni. Tupe siri." Nikacheka, kisha nikanyamaza. Picha nilizowaonyesha za safari ile ni za kweli na mto ule ni mzuri kweli. Ila kati ya wale wanne mnaowaona wamekumbatiana mtumbwini, wawili leo hawasalimiani. Mmoja wao ni mimi.

Kisiwa chenyewe kinaitwa Don Det, kimoja kati ya vile wanavyoviita Si Phan Don, yaani visiwa elfu nne. Viko kusini kabisa mwa Laos, mkoa wa Champasak, pale mto Mekong unapojitanua kabla ya kuporomoka na kuingia Kambodia. Vingi ni vichaka tu, mvua zikija vinazama. Tulikwenda Januari 2024, kiangazi. Njia siielezi sana: ndege hadi Bangkok, treni ya usiku hadi Ubon Ratchathani, basi la kuvuka mpaka hadi mji wa Pakse, gari dogo hadi Nakasong, halafu mtumbwi wa mota. Viza na kadi ya chanjo ya homa ya manjano malizeni mkiwa nyumbani.

Sasa sikilizeni habari ya Pakse. Pakse ndiko kwa kutoa pesa. Nilisema stendi, nikasema tukila, nikasema tena garini. Rafiki yangu wa tangu kidato cha kwanza, mhasibu kwa kazi (naomba mlishike hilo), akajibu, "Acha presha, nitatoa hukohuko." Hukohuko tulikuta kuku, mashamba ya mpunga, vibanda vya mbao juu ya nguzo na bembea za kitambaa barazani. Mashine ya kutolea pesa hatukuona hata moja.

Basi nikawa benki. Wakati ule dola 100 ilikuwa inatoa zaidi ya kip milioni 2, hela ya Laos, kwa hiyo unatembea na bunda la noti kama muuza mitumba jioni ya Jumamosi. Chumba, nalipa mimi. Baiskeli, mimi. Wali wa kunata, ule unaoletwa kwenye kikapu kidogo cha mianzi ukaufinyanga tonge kama ugali, anaagiza viwili, nalipa mimi. Siku ya nne nikatoa daftari. Nikamsomea deni lake mezani, mbele ya wenzetu na mbele ya mama mwenye nyumba: kip milioni 1 na laki 8. Kwa hela yetu ilikuwa kama laki mbili na kitu. Hakunijibu. Alichukua mswaki wake barazani akahamia kwa wale wengine wawili.

Hapo nakiri. Kudai nilikuwa na haki, kusoma kwa sauti hapana. Lakini na yeye, mhasibu!

Jambo ambalo sikulijua kabla ya kwenda ni kwamba kisiwa kitulivu hakina pa kujificha. Dar mkikorofishana, kuna foleni, kuna kazini, kuna "nitakupigia". Don Det unaamka, mto uko palepale, na uliyegombana naye yuko barazani hatua sita, anajibembeza. Unasikia kamba ya bembea yake ikilia kwenye nguzo, kri, kri, siku nzima. Mpaka leo nikisikia mlango unalia hivyo tumbo linanikaza.

Siku ya tano nikachukua baiskeli peke yangu, nikavuka daraja la Wafaransa kwenda kisiwa jirani, Don Khon. Wafaransa walijenga reli ndogo visiwani humu mwishoni mwa karne ya 19, kwa sababu hakuna chombo kinachoweza kupanda maporomoko ya Khone. Walishusha mizigo upande mmoja wakaipakia upande wa pili. Kichwa cha treni bado kipo, chuma kitupu chenye kutu chini ya paa. Mbele yake ni maporomoko ya Li Phi, maana yake mtego wa mizimu. Wenyeji wanasema roho mbaya zinazoletwa na maji hunaswa pale. Pembeni kuna mitego ya mianzi ya samaki, mikubwa kama uchaga wa kuanikia, na maji yenyewe ndiyo yanamtupa samaki juu. Nilikaa pale hadi jua likawa kali. Sitaki kuwadanganya kwamba nilisamehe. Nilipiga hesabu upya nikakuta nilimwongezea kip elfu hamsini za baiskeli.

Kwa hiyo, wadogo zangu, pesa. Kila mtu atoe zake Pakse, mbele ya wenzake, azihesabu, aziweke. Wekeni mfuko wa pamoja wa chakula na mtumbwi, na mwenye kuushika asiwe mwenye hasira kama mimi. Vyumba chukueni vya mtu mmojammoja kama uwezo upo, hata kama mmelala kitanda kimoja tangu bweni. Deni lisemeni siku ya kwanza, likiwa dogo, msingoje ya nne. Begi liwe jepesi, chandarua mtakikuta. Wanaowaahidi pomboo wa mtoni msiwaamini, makala za zamani zimepitwa na wakati: wa mwisho wa eneo lile alikufa Februari 2022. Na tena, pesa, Pakse. Narudia kwa sababu najua mmoja wenu anasoma hapa akisema moyoni, "nitatoa hukohuko." Wewe ndiye naongea nawe.

Je, nitarudi? Nitarudi, na nitalala upande wa kisiwa unaotazama machweo.

Kundi letu la WhatsApp bado lipo, linaitwa Mekong Mpaka Kieleweke. Ujumbe wa mwisho ni wangu, wa Machi, nimeweka namba ya M-Pesa pamoja na jumla, nikiwa nimeshapunguza zile elfu hamsini. Tiki mbili, za buluu.