Mizinga 20, nyuki wameingia 6 tu

SWALI: Mjomba shikamoo. Niko Sikonge, Tabora, najitolea kwenye kituo cha watoto yatima, tulipewa msaada wa mizinga 20 ili asali isaidie sare na madaftari. Sasa mwaka umepita nyuki wameingia 6 tu na wenzangu wanataka turine yote mwezi huu huu. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ya kurina yote hapana, nawaomba kabisa. Fungueni jioni muangalie, kama sega halijafunikwa na nta walau robo tatu yake basi asali bado ina maji, itachacha ndooni, na mteja akishaonja asali iliyochacha harudi tena hata umwambie ni ya yatima. Sega lenye majana (watoto wa nyuki) msiliguse, na waachieni nyuki chakula chao la sivyo wanahama mnabaki na mbao.

Ile 14 mitupu ishusheni, ondoeni buibui, yeyusheni nta mpake zile mbao nyembamba za juu maana harufu ya nta ndo inawaita, halafu waya wa kutundikia pakeni grisi sisimizi wasipande. Mtundike kabla miti ya miombo haijachanua, maji yawe karibu.

Na mwanangu, mizinga isikae karibu na bweni jamani, nyuki wetu ni wakali, mtoto mmoja akirusha jiwe wanaumwa wote. Mi ningeweka mita 300 au zaidi.