Barua kwa mwanangu: shamba lina mwenyewe

Mwanangu,

Sisi huku Newala hatujambo. Unaniuliza kama hilo somo la maadili ulilopewa hapo Sokoine lisimame peke yake, wanafunzi wa kilimo walisome kama wanavyosoma kemia, au livunjwe liingie ndani ya masomo mengine: kidogo kwenye udongo, kidogo kwenye magonjwa ya mimea, kidogo kwenye mifugo. Unamuuliza mtu wa darasa la saba mambo ya ratiba za chuo kikuu. Haya.

Mimi nasema kwanza wajue kuwa shamba lina mwenyewe. Hilo likishawaingia, lipange siku unayotaka.

Unamkumbuka yule kijana aliyekuja kwenye mikorosho ya babu yako, wewe ukiwa shule ya msingi? Bwana Vibati mlimwita, kwa vile vibati vya namba alivyopigilia kila mti. Chuo chake sikitaji. Alikuja na mwenyekiti wa kijiji, akanipa karatasi ya Kiingereza niweke sahihi, akanieleza kwa mdomo kuwa mistari miwili ya upande wa njia isipulizwe salfa, ile dawa ya unga, msimu mzima, apate cha kulinganishia. Nikakubali. Na usije ukawaambia wanafunzi wako kuwa mama yako alidanganywa, maana nilijua ninachokubali. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu unaoshika maua ya mikorosho, ulikuwa unatumaliza, na mimi mwenyewe nilitaka kuona kama salfa inafanya kazi kweli au inakula hela zetu tu.

Mashada yakatoka. Kwenye mistari iliyopulizwa maua yalifunguka vizuri, nyuki wanalia. Ile miwili mashada yalipauka kama yamepakwa unga wa muhogo, ukiyagusa yanapukutika mkononi. Bwana Vibati alizunguka mti mmoja mmoja na daftari lake, anachagua mashada kila upande, anakadiria ni asilimia ngapi ya shada imeshikwa, anaandika. Nilikuwa nampa maji ya kunywa, na wewe unajua maji ya huku juu tulivyokuwa tunayapata miaka ile.

Korosho zile zilizopotea hazikuniuma sana. Lililoniuma ni siku ya wakulima. Likaja gari limejaa watu, wa Tandahimba, wa Masasi, na wakubwa wake. Akawasimamisha mbele ya ile mistari miwili, akasema: "Hivi ndivyo mikorosho inavyokuwa mkulima asipofuata ushauri wa kitaalamu." Nami nimesimama palepale, nimejifunga kanga mpya kwa ajili ya wageni. Mama mmoja akanisogelea, akaniuliza kwa upole kabisa kama nilikosa pesa ya salfa. Marehemu babaako akanifinya mkono, nyamaza mama fulani, hao wageni. Nikanyamaza. Jibu la siku ile ninalo mpaka leo.

Kijana yule alikosa nini kusema, "Mistari hii niliiomba mimi, na mwenye shamba akakubali kupata hasara"? Maneno hayo yana gharama gani? Shamba lina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake.

Lakini sikatai majaribio, mwanangu. Bila mistari isiyopulizwa, nani angejua salfa inasaidia? Tungeendelea kubishana barazani mpaka leo. Nchi hii msimu wa 1973/74 ilipata zaidi ya tani 140,000 za korosho, na kufika 1986/87 hazikufika 20,000. Ubwiriunga ulichangia, bei mbaya ikachangia, na ule uhamisho wa watu kwenda vijiji vya ujamaa ukachangia: babu yako alihamishwa, mikorosho yake ikabaki porini anaitembelea kama mgonjwa. Waliopanga vijiji nao walikuwa na nia njema, na hawakumwuliza mwenye mikorosho itakuwaje. Kisha salfa ikaja, korosho zikarudi, na korosho hizo ndizo zilizokupeleka Morogoro. Kwa hiyo nikimlaani Bwana Vibati najilaani na mimi. Na bado namlaumu.

Uliniandikia habari za wale Weusi wa Tuskegee kule Marekani, waliokuwa na kaswende wakaachwa bila tiba tangu 1932 hadi 1972 ili wasomi waone ugonjwa unakwendaje, hata penisilini ilipokuwa imeshapatikana. Ukasema wanafunzi hutikisa kichwa, wanaandika, wanafaulu. Mimi sijilinganishi na wale. Mkorosho si mtu. Ila mkorosho usiozaa una watu wanaoutegemea, wana ada za shule. Na wewe mwenyewe umesema kamati zenu za maadili ya utafiti huuliza habari za watu na za wanyama, ila jaribio la mmea shambani kwa mtu mara nyingi linapita bila maswali mengi. Hapo ndipo pa kuwashika hao vijana. Nani anabeba hasara ya mistari ya kulinganishia? Analipwa magunia, au anapewa ahsante? Majibu yanarudi shambani, au yanaishia kabatini kwa msimamizi? Mimi majibu yangu sijayaona. Vibati vingine vimemezwa na magome.

Ningekuwa mimi, kila mwanafunzi angeandika karatasi ya ridhaa kwa Kiswahili, akaenda kumsomea mkulima wa kweli, kisha mkulima aeleze kwa maneno yake alichokielewa. Mkulima akishindwa kueleza, amefeli mwanafunzi.

Unaona, nimeanza kuamua, na nilijiambia nisiamue. Mwalimu ni wewe. Lisimame peke yake au lichanganywe, mnajuana hukohuko na wakuu wako wa idara, mimi sitii mkono. Ila Bwana Vibati ninavyomjua, somo la peke yake angelifaulu vizuri sana, angepata A, kisha angekuja shambani na karatasi yake ya Kiingereza.

Mama yako