Maswali ya Wasomaji: Embakasi Moja Ilivyogeuka Maeneobunge Matano

Kila nikitafuta mbunge wa Embakasi naletewa majina matano. Embakasi ile moja ya zamani ilikwenda wapi? (Msomaji, Kayole)

Ilifutwa. Katika uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013, hapakuwa tena na kiti cha Nairobi kiitwacho Embakasi. Palikuwa na Embakasi Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi. Katiba ya 2010 ilikuwa imeongeza maeneobunge ya Kenya kutoka 210 hadi 290, na Nairobi, iliyokuwa na viti 8 tangu zamani, ikapata 17.

Wengi hufikiri kwamba Embakasi ya kale ilikatwa vipande vitano na mambo yakaishia hapo. Sivyo. Ruai na Njiru, zilizokuwa chini ya Embakasi, leo ni wadi za Kasarani. Kariobangi Kaskazini nayo ilitoka Kasarani ikaunganishwa na wadi nne za Dandora kuunda Embakasi Kaskazini. Kwa hiyo ardhi ya Embakasi ya zamani imetapakaa katika maeneobunge sita ya sasa. Wewe wa Kayole uko Embakasi Kati, pamoja na Komarock na Matopeni/Spring Valley. Umoja na Mowlem ziko Magharibi, Pipeline na Kwa Njenga ziko Kusini, Utawala na Mihang'o ziko Mashariki.

Kwa nini matano? Mbona si mawili au matatu, kama Dagoretti iliyogawanywa mara mbili tu? (Msomaji, Umoja)

Chukua kalamu tupige hesabu. Sensa ya 2009 ilihesabu Wakenya 38,610,097. Gawanya kwa 290 upate 133,138. Hicho ndicho kiwango cha idadi ya watu ambacho Kifungu cha 89 cha Katiba kinataka kila eneobunge likikaribie. Katiba inaruhusu kupanda au kushuka: asilimia 40 kwa majiji na maeneo yenye watu wachache, asilimia 30 kwingineko. Kwa Nairobi, basi, kikomo cha juu kilikuwa 133,138 mara 1.4, yaani watu 186,393.

Embakasi ilikuwa na watu 925,775. Ukiigawanya mara mbili, kila upande unabaki na zaidi ya 462,000. Mara tatu, zaidi ya 308,000. Mara nne, 231,444, bado umepita kikomo. Mara tano ndipo unapata 185,155, na hapo umeponea chupuchupu. Dagoretti ilikuwa na watu 329,577, hivyo viti viwili viliitosha. Tunakumbusha tena kwamba mipaka ya nje ilisogezwa, kwa hiyo 185,155 ni wastani wa hesabu tu, si idadi halisi ya eneobunge lolote kati ya hayo matano.

Hata baada ya mgao huo, mkazi wa Nairobi hakupata haki yake yote. Mji ulikuwa na watu 3,138,369. Kwa kiwango cha 133,138, hao ni watu wa viti 23 na ushei, lakini ulipewa 17. Upande wa pili, Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 101,539 na ikabaki na maeneobunge yake mawili, kwa sababu Katiba ilikataza ugawaji huo wa kwanza kufuta eneobunge lililokuwepo. Kulinda maeneo yenye watu wachache kuna sababu zake, lakini wa kulipia ulinzi huo walikuwa watu wa Eastlands, yaani mashariki ya Nairobi iliko Embakasi.

Watu kuwa wengi kuliko kwingine kuliwaumiza vipi wakazi? Mbunge si ni mmoja popote? (Msomaji, Dandora)

Ndipo palipouma hapo. Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, CDF, ilianzishwa kwa sheria ya 2003. Asilimia 75 ya pesa za maeneobunge ziligawanywa sawa kwa sawa, na 25 zilizobaki zikafuata kiwango cha umaskini. Makadara, jirani wa Embakasi, ilikuwa na watu 218,641 mwaka 2009. Katika ile asilimia 75, fungu la Makadara lilikuwa sawa na la Embakasi, yenye watu mara nne na zaidi. Kila shilingi nne zilizomfikia mkazi wa Makadara kutoka fungu hilo, wa Embakasi hakufikiwa hata na moja kamili. Basari za shule, madarasa na vituo vya afya vilivyotegemea pesa hizo vilibanwa hivyo hivyo.

Naandika historia ya wabunge wa Embakasi. Kuna orodha zinazosema 2007 alikuwa Were, nyingine Waititu. Ipi sahihi? (Mwanafunzi, Nairobi)

Zote mbili zina ukweli nusu. Melitus Mugabe Were wa chama cha ODM alishinda uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Bunge la Kumi lilikutana mara ya kwanza Januari 15, 2008, na usiku wa kuamkia Januari 29 akapigwa risasi na kuuawa nje ya nyumba yake jijini, nchi ikiwa katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi. Alikuwa mbunge wiki mbili tu. Uchaguzi mdogo ulifanyika Juni 11, 2008, siku moja na wa eneobunge la Ainamoi, ambako mbunge David Kimutai Too naye alikuwa ameuawa. Ferdinand Waititu wa chama cha PNU alimshinda Esther Passaris wa ODM, akawa mbunge wa mwisho wa Embakasi nzima.

Kosa linatokana na kuandika orodha kwa miaka ya uchaguzi mkuu pekee. Andika tarehe ya kuingia, ya kutoka, na sababu ya kutoka. Kwa kipindi cha vyama vingi mfuatano ni huu: Henry Ruhiu wa Ford-Asili (1992), David Mwenje wa DP (1997), Mwenje tena kwa NARC (2002), Were (2007), Waititu (2008). Mwaka 2013 funga ukurasa huo na ufungue mitano mipya: Irshad Sumra (Kusini), James Gakuya (Kaskazini), John Ndirangu (Kati), John Omondi (Mashariki) na George Theuri (Magharibi). Usimpe yeyote kati yao cheo cha mrithi wa Waititu. Mark Mwenje, aliyechaguliwa Embakasi Magharibi 2022, ni mwana wa David Mwenje, lakini kiti alichokalia baba kilikuwa kingine na kikubwa zaidi.

Kuhakikisha majina, tafuta tangazo la waliochaguliwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, ya siku ya kuapishwa. Kwa mipaka, tumia Amri ya Maeneobunge na Wadi ya 2012, Ilani ya Kisheria nambari 14. Usiishie hapo, maana uamuzi wa Mahakama Kuu wa Julai 2012 ulibadilisha baadhi ya mambo. Takwimu za sensa ya 2019 zitakupoteza: zimepangwa kwa kaunti ndogo 11 za Nairobi, na “Embakasi” iliyomo humo si eneobunge la kale.

Je, mipaka hii itabadilika tena? (Msomaji, Pipeline)

Katiba inataka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Miaka 12 ilikwisha Machi 2024, wakati tume ya uchaguzi na mipaka, IEBC, haikuwa na makamishna. Mapitio yakifanywa kwa sensa ya 2019, yenye watu 47,564,296, kiwango kitakuwa 164,015, na kikomo cha mjini kitapanda hadi 229,621. Viti vyenyewe vitabaki 290, labda Katiba ibadilishwe.