Kabla Hujafuta Neno, Uliza Liliingia Lini: Kwa Mjumbe Mpya wa Mazungumzo ya Tabianchi

Kosa langu la kwanza katika mazungumzo ya tabianchi lilikuwa la maneno manne. Ilikuwa Bonn, Ujerumani, mwezi wa Juni, kwenye kikao cha asubuhi cha Kundi la Afrika, kabla vikao vikubwa havijaanza. Nilikuwa nimepewa aya moja ya fedha niipitie, nami, kwa kiherehere cha kijana aliyezoea kusifiwa kwa uandishi, nikapendekeza tufute "mpya na za ziada" kwa kuwa sentensi ilikuwa ndefu mno. Chumba kikanyamaza. Mama mmoja kutoka Afrika Magharibi, aliyekuwa kwenye kazi hii tangu mimi niko shule ya msingi, akavua miwani yake taratibu. "Mwanangu, maneno hayo yaliingia lini?" Sikujua. Akaniambia nikae.

Yaliingia mwaka 1992. Yamo katika Kifungu cha 4, aya ya 3, ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi: nchi tajiri zitatoa fedha "mpya na za ziada" kuzisaidia nchi zinazoendelea. Maana yake, msichukue zile zile mlizokuwa mkitupa za kujengea zahanati, mkazibandika jina jingine, mkatuambia hizi ni za tabianchi. Mpaka leo hakuna kipimo kilichokubaliwa na wote cha kujua shilingi ipi ni mpya na ipi ni ya zamani. Lakini maneno yakiwapo, unayo pa kuanzia kudai. Ukiyafuta wewe mwenyewe, huna.

Ndiyo maana nawaambia ninyi mnaoanza: historia ya mazungumzo haya msiisome kama orodha ya miji. Najua mnavyofundishwa. Rio, Kyoto, Copenhagen, Paris, kila mji na mwaka wake, kama vituo vya daladala. Utafaulu mtihani, lakini ukiingia chumbani utakuwa kama mimi siku ile. Chukua neno moja, ufuate lilikotoka, nani alilitaka, na lililipiwa nini.

Anza na Mkataba wenyewe. Una vifungu 26 tu; jioni moja inatosha. Hatua za mwanzo usizikalie sana: mkutano wa Stockholm mwaka 1972, uliozaa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake yakawekwa Nairobi, jopo la wanasayansi, IPCC, lililoanzishwa mwaka 1988, majadiliano yaliyofunguliwa Chantilly, Virginia, Februari 1991, kisha Mkataba kupitishwa New York tarehe 9 Mei 1992, mwezi mmoja kabla wakuu wa nchi hawajaanza kuutia saini Rio. Ukaanza kufanya kazi Machi 1994. Hayo yajue, usonge mbele. Pa kukaa kwa muda mrefu ni Kifungu cha 3 na cha 4. Humo ndimo limo lile wazo la majukumu ya pamoja lakini yanayotofautiana, yaani wote tuna wajibu ila si kwa uzito mmoja, na karibu kila ugomvi utakaousikia, hata uvishwe nguo gani, chanzo chake ni hapo.

Kuna jambo la pili ambalo hakuna aliyenieleza mapema. Mikutano hii haipigi kura. Si kwamba watu wanapendana sana. Nchi wanachama zilipokutana kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1995, zilitakiwa kupitisha kanuni za uendeshaji, na Kanuni ya 42 ndiyo ya upigaji kura. Wapo waliotaka theluthi mbili au robo tatu zitoshe. Nchi zinazouza mafuta zikakataa katakata, zikataka kila kitu kiamuliwe kwa maafikiano, yaani bila nchi yoyote kupinga. Hawakuelewana. Kanuni hizo zikabaki rasimu, na tangu hapo kila mkutano unazitumia hivyo hivyo, isipokuwa ile ya 42. Zaidi ya miaka 30 dunia inajadili jambo zito namna hii kwa kanuni ambazo hazijapitishwa!

Ukilielewa hili utaacha kushangaa mambo mengi. Utaelewa kwa nini mkutano wa Madrid wa mwaka 2019, uliopaswa kwisha Ijumaa, ulifungwa Jumapili mchana. Utaelewa kwa nini Copenhagen mwaka 2009, baada ya marais kukesha wakiandika, nchi chache ziliposimama kupinga, maandishi yale hayakupitishwa. Mkutano "uliyazingatia" tu. Mwaka mmoja baadaye, Cancún, Bolivia ilipinga makubaliano peke yake, na rais wa mkutano, Patricia Espinosa wa Mexico, akagonga nyundo kuyapitisha, akasema maafikiano hayampi mmoja haki ya kuwazuia wote. Ukumbi ukamshangilia. Mimi mwenyewe bado sijaamua kama nimpigie makofi. Nyundo ikigongwa upande wako ni busara. Je, siku ikigongwa dhidi yako?

Sasa Kyoto, Japani, ilikopitishwa Itifaki ya kuzibana nchi za viwanda zipunguze gesi joto, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu vijana wetu wengi hawajui kwamba Mtanzania alikuwa katikati ya shughuli. Mwaka 1997 Tanzania ndiyo iliyokuwa mwenyekiti wa G77 na China, muungano wa nchi zinazoendelea, na aliyeongoza na kusema kwa niaba ya kundi hilo alikuwa Profesa Mark Mwandosya. Upande wa pili kulikuwa na Marekani, ambayo Baraza lake la Seneti, Julai mwaka huo huo, lilikuwa limepiga kura 95 kwa 0 kwamba lisiletewe mkataba utakaoibana Marekani bila kuzibana nchi zinazoendelea. Rasimu ilikuwa na kifungu cha nchi zinazoendelea kujitwisha ahadi "kwa hiari". Neno hiari linapendeza, lakini G77 iliona mlango unaofunguliwa nusu leo ili kesho ufunguliwe wote, ikakataa. Usiku wa mwisho mwenyekiti wa majadiliano, Raúl Estrada-Oyuela wa Argentina, akakiondoa kifungu chote.

Tulipata, na tulitoa pia. Brazil ilikwenda na pendekezo la mfuko: nchi tajiri ikishindwa kutimiza lengo lake inalipa faini, na faini hizo zinasaidia nchi maskini. Pendekezo hilo likaingia kwenye vyumba vya majadiliano likiwa mfuko wa faini, likatoka likiwa soko, likaitwa "utaratibu". Badala ya kulipa kwa kushindwa, nchi tajiri ikaruhusiwa kununua upunguzaji wa hewa ukaa kutoka kwenye miradi ya nchi zinazoendelea. Miradi mingi mno ikaenda China na India. Afrika ikaambulia makombo. Kwa hiyo leo ukiona watu wanavutana kwa siku tatu juu ya "mfuko" au "utaratibu", usidhani wamekosa kazi.

Kyoto pia ndiko utakakojifunza hesabu. Itifaki ingeanza kazi pale tu nchi 55 zingeridhia, na miongoni mwao nchi za viwanda zenye angalau asilimia 55 ya hewa ukaa ya kundi lao ya mwaka 1990. Marekani peke yake ilikuwa na asilimia 36.1. Ilipojitoa mwaka 2001, kila mtu akachukua kalamu: bila Urusi, yenye 17.4, haiwezekani. Urusi ikajua thamani yake na haikuwa na haraka. Iliridhia Novemba 2004, na Itifaki ikaanza kazi tarehe 16 Februari 2005, miaka saba na zaidi tangu ipitishwe. Paris walipoweka kiwango cha nchi 55 na asilimia 55 za gesi joto za dunia nzima, hesabu hiyo ikatimia katika muda usiofika mwaka.

Na kura ile ya 95 kwa 0 haikuishia Kyoto. Miaka 18 baadaye, Paris, Jumamosi tarehe 12 Desemba 2015, ukumbi umejaa, watu wanasubiri nyundo, saa zinakwenda na hakuna anayeeleza kinachosubiriwa. Kumbe ni neno moja. Kifungu cha 4, aya ya 4, kilisema nchi zilizoendelea "zitaendelea" kuongoza kwa kujiwekea malengo ya kupunguza gesi joto katika uchumi wao wote. Kwa Kiingereza shall, neno la sharti la kisheria. Marekani ilitaka should, yaani "zinapaswa kuendelea". Kwa sharti lile, wanasheria wake walisema, mkataba ungelazimika kupelekwa Seneti, na Seneti jibu lake lilijulikana. Neno likabadilishwa na kusomwa kwa haraka pamoja na masahihisho mengine ya uchapaji, kana kwamba ni koma iliyosahaulika. Kisha rais wa mkutano, Laurent Fabius wa Ufaransa, akagonga nyundo. Asiyeijua Julai 1997 aliona makosa ya uchapaji. Aliyeijua alielewa.

Neno jingine la kufuata ni "bima". Mwaka 1991 Vanuatu, kwa niaba ya visiwa vidogo, ilipendekeza uundwe mfuko wa bima, nchi za viwanda zichangie, ili visiwa vitakavyoliwa na bahari vilipwe. Ilikataliwa. Lakini soma Kifungu cha 4, aya ya 8: neno bima limo, limekaa peke yake kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Wale wa visiwa hawakulisahau. Warsaw mwaka 2013 wakapata utaratibu wa hasara na uharibifu, yaani madhara ya tabianchi yanayowapata walio hatarini. Paris wakapata Kifungu cha 8 kizima, ila uamuzi ulioandamana nacho, aya ya 51, ukasema kifungu hicho si msingi wa kudai fidia. Sharm el-Sheikh mwaka 2022 ukakubaliwa mfuko, na Dubai, siku ya kwanza ya mkutano wa 2023, ukapitishwa uanze kazi. Tangu 1991 mpaka 2022 ni miaka 31. Waliokataliwa mara ya kwanza wengi walikuwa wamestaafu.

Mtaniuliza kama kuna mahali ushirikiano huu ulikwenda vizuri zaidi. Upo, na si mbali. Alfajiri ya tarehe 15 Oktoba 2016, Kigali, nchi zilikubaliana kupunguza gesi za HFC zinazotumika kwenye majokofu na viyoyozi. Ila hayo ni marekebisho ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, iliyoundwa kulinda tabaka la ozoni, na ambayo ina kanuni za kura pamoja na mfuko unaojazwa na nchi tajiri. Msilinganishe harakaharaka. Watengenezaji wa gesi hizo ni wachache na walishakuwa na gesi mbadala. Makaa ya mawe na mafuta yamo katika kila kitu.

Sasa ya kazini. Tafuta matoleo ya zamani ya Earth Negotiations Bulletin, yanayoeleza siku kwa siku nani alisema nini. Ukipewa ajenda, rudi nyuma mikutano mitano usome mstari wake. Weka daftari la maneno, si la matukio. Jua makundi yako: Tanzania imo katika G77, Kundi la Afrika na kundi la nchi zenye maendeleo duni; Kenya hili la tatu haimo, kwa hiyo jirani yako huenda asikuunge mkono pale unapomtegemea, na si kwa ubaya. Fedha zikitajwa, iwe dola bilioni 100 kwa mwaka za Copenhagen au dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035 zilizokubaliwa Baku mwaka 2024, uliza ni ruzuku au mkopo kabla hujaandika taarifa ya nyumbani. Mabano kwenye maandishi usiyaogope: maana yake maneno yaliyomo bado hayajaafikiwa, hapo bado hapajauzwa.

Kikao cha Kundi la Afrika kwa kawaida huwa saa mbili asubuhi. Fika mapema kidogo ukae karibu na wazee. Wanasemezana kwa sauti ya chini, na mengi ya hayo hutayakuta kwenye taarifa yoyote.