Kengele ya moshi inalia kila nikichoma udi

SWALI: Fundi, shikamoo. Nakuandikia kutoka Leicester. Tumepanga nyumba ya ghorofa moja tangu Machi, mimi, mume wangu na watoto watatu. Kengele ya moshi iko kwenye korido ya chini, pale pale nje ya mlango wa jikoni. Nikikaanga samaki inalia. Ijumaa nikichoma udi inalia, mtoto mchanga anashtuka usingizini. Mume wangu ameibandua, sasa iko kwenye droo. Juu tunakolala hakuna kengele kabisa. Mwenye nyumba anasema mambo ya kengele ni juu ya mpangaji. Ni kweli? – Mama Nasra

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza itoeni hiyo kengele kwenye droo, irudi darini leo hii. Mengine tutayazungumza ikiwa mahali pake.

Nina sababu ya kukuharakisha. Mwaka 2023 niliitwa kutengeneza taa za ngazi kwa jamaa zetu wa Mombasa. Kengele yao ilikuwa imevishwa kofia ya plastiki ya kuogea, ikakazwa kwa mpira. Nilipoivua na kuigeuza, nyuma imeandikwa mwaka wa kubadilishwa: 2014. Nikabonyeza kitufe, kimya. Watoto wanne walikuwa wanalala juu ya ngazi ile, na mama yao akaniambia moshi ukitokea atausikia harufu. Hausikii. Mtu aliyelala pua yake imelala pia, na moshi humlevya kabla moto haujamfikia.

Sasa mwenye nyumba wako. Hapa England, tangu 2015, anayepangisha lazima aweke kengele ya moshi walau moja kwa kila ghorofa yenye vyumba vya kuishi, na ahakikishe inafanya kazi siku mkataba unapoanza. Juu kwenu kuwa hakuna kitu ni kosa lake, si lako. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022 amebanwa zaidi: ukimwarifu kuwa kengele imeharibika, aitengeneze au alete nyingine. Na chumba chenye boila ya gesi (mtambo wa kupasha maji) kiwe na kengele ya kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Udi wako nao unakaa juu ya mkaa, kwa hiyo chetezo kiweke karibu na dirisha lililo wazi, usikifungie chumbani na mtoto.

Kwenye betri tu ndipo ana haki. Mkataba ukishaanza, kubadilisha betri ni kazi yako. Ukiweka mpya na bado kengele hailii, mzigo unarudi kwake.

Mwandikie, usimpigie simu. Tuma picha ya dari tupu ya juu pamoja na tarehe. Akinyamaza, peleka ujumbe huohuo kaunsili, yaani halmashauri ya mji wenu. Wao humpa notisi ya siku 28, na akikaidi wanaweza kumtoza faini hadi pauni 5,000.

Kuhusu samaki, tatizo ni mahali ilipowekwa. Mwombe aisogeze mbali na mlango wa jikoni, tena aweke ile inayopima moshi kwa mwanga, maana inavumilia moshi wa kikaango kuliko zile za zamani. Akikuwekea ya kupima joto jikoni, mshukuru, lakini hiyo haihesabiki badala ya kengele ya moshi.

(Mlioko Scotland, kwenu ni kali zaidi: tangu Februari 2022 kengele za nyumba nzima lazima ziunganishwe, moja ikilia zote zilie.)

Wakati unamsubiri, piga simu kikosi cha zimamoto cha eneo lako kwa namba yao ya kawaida, si 999 ya dharura. Vikosi vingi huja kukagua nyumba bure. Waambie una mtoto mchanga na juu hakuna kengele.