Mjerumani wa miwani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu kanionyesha kwenye simu Mjerumani mmoja mfupi anazunguka kwenye chuma, anakiachia, anapinduka hewani, anakidaka tena. Anaitwa Fabian Hambüchen. Mimi nilijua Ujerumani ni mpira tu. Huyu alipendwa kwa lipi? – Mama Zuhura, Tanga

JIBU: Marahaba, Mama Zuhura. Huyo ni mwanajimnastiki, nami nilianza kumfuata Olimpiki ya Athens, 2004. Alikuwa na miaka 16, miwani kaifunga kwa mkanda kisogoni isije ikaruka, utadhani mwanafunzi aliyekosea mlango akajikuta Olimpiki. Miwani ile ndiyo iliyowafanya watu wamtazame. Kilichowafanya wamsubiri ni kingine.

Kocha wake alikuwa baba yake mzazi, Wolfgang, huko Wetzlar. Wewe mzazi, hebu fikiria: mtu mmoja akukaripie ukumbini, kisha akupakulie chakula jioni!

Mwaka 2007 akatwaa ubingwa wa dunia wa chuma Stuttgart, nyumbani kwao, akachaguliwa mwanamichezo bora wa Ujerumani. Basi Beijing 2008 watu walishamvisha dhahabu kabla hajapanda. Akarudi na shaba. Mwaka 2011 kano ya kisigino ikakatika. London 2012 akafanya vizuri mno, lakini Mholanzi Epke Zonderland aliachia chuma na kukidaka mara tatu mfululizo, kwa hiyo ikawa fedha.

Ikabaki Rio 2016, ana miaka 28 na bega bovu. Kati ya wanane, yeye ndiye aliyeanza. Ukianza, huna wa kumpigia hesabu. Unafanya yako, unakaa. Akapata pointi 15.766, akakaa. Mimi nilikuwa mbele ya televisheni nakunja kidole kila mmoja anaposhuka. Zonderland akakikosa chuma, akabwagika kwenye godoro. Mmarekani Danell Leyva akaishia 15.500. Vidole vilipokwisha, dhahabu ilikuwa ya Fabian, akaaga mashindano ya kimataifa. Shaba, fedha, dhahabu, kila moja kwa miaka minne. Wajerumani walimwona akikosa mara mbili, ndiyo maana ile ya tatu waliishangilia kama yao.

Nilipokuwa nafundisha, tulichomelea bomba la maji kwenye nguzo mbili. Vijana walijitahidi, lakini bomba halipindi. Ukibembea linakurudishia uzito wote mabegani, na viganja vinatoka malengelenge. Chuma chenyewe cha mashindano ni chembamba, milimita 28, kinapinda kama upinde na kukurusha. Bila mnepo huo hakuna kuachia wala kudaka.

Binti akitaka kujaribu, mwambie wanawake hawashindani kwenye chuma kimoja. Wao wana fito mbili, moja juu, moja chini. Na tafadhali, asianzie kwenye nguzo za kamba yako ya nguo.