Mabomba Yangu Yalipotelea Kwenye Karatasi

Juzi msomaji mmoja anayechora majengo kwa AutoCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, kaniandikia: "Kaka, tuko wachoraji watano kwenye mradi mmoja, kila mtu na leya zake. Tuanzie wapi?" Leya ni matabaka ya mchoro: kuta tabaka lake, mabomba tabaka lake. Nikacheka, kisha nikakumbuka yaliyonikuta mimi, kicheko kikakatika.

Mwaka wangu wa pili kazini nilichora mfumo wa maji taka wa jengo la ghorofa tatu. Wiki mbili nakesha. Kwenye skrini mabomba yanang'aa rangi ya zambarau, niliyoyapaka mwenyewe mstari kwa mstari. Nikachapa karatasi za A1, nikaenda kikaoni na shati jipya. Mhandisi akakunjua, akatazama, akaigeuza karatasi kana kwamba mabomba yamejificha upande wa pili.

"Maji yanapita wapi, kijana?"

Hakukuwa na bomba hata moja. Vyoo vipo, mashimo yapo, katikati patupu.

Yote niliyachora kwenye leya ya Defpoints. AutoCAD huiunda yenyewe ukiweka vipimo, na kilichomo unakiona kwenye skrini lakini hakichapwi. Rangi niliyopaka kwa mkono ndiyo iliyonificha nisijue niko leya gani. Bosi alinisema mbele ya watu. Mwenzangu aliyenirithisha faili lile, ovyo vilevile, akakaa kimya. Sijasahau. Leo yeye bado anaita mafaili yake "mwisho_mpya_kweli2", na anayekagua michoro yake ni mimi.

Sasa ndugu yangu, msichore kitu kabla hamjakubaliana kiolezo kimoja, faili la .dwt: vizio milimita, leya zenye majina, unene wa mistari (sisi tunatumia 0.25, 0.35 na 0.5), kisanduku cha jina la mradi. Majina ya leya msiyabuni. Kuna ISO 13567, kiwango cha kimataifa cha kupanga na kuita leya, kuna mtindo wa Kimarekani wa A-WALL kwa kuta na A-DOOR kwa milango. Chagueni mmoja, ubishi uishe. Rangi ifuate leya. Bloku, yaani vichoro vinavyorudiwarudiwa kama mlango au choo, zichorwe kwenye leya iitwayo 0 ili zivae sura ya leya zinapowekwa. Na narudia, rangi ifuate leya!

Michoro mnayoiunganisha kutoka kwa wenzenu, anwani yake ihesabiwe kutoka kwenye folda ya mradi. Ikianzia kwenye diski ya mtu fulani, siku folda inahamishwa mtafungua mchoro mkute maandishi ya njia ya faili badala ya kuta. Jina la faili nalo libebe namba ya mradi, namba ya karatasi na toleo. Neno "mwisho" lipigwe marufuku.

Vijana hatupendi kusikia haya. Tunataka kuchora haraka, tuonekane mafundi, na fundi asiye na utaratibu ni mzigo kwa anayempokea kazi. Mteueni mmoja awe mkaguzi, akubali kununiwa. Mimi nanuniwa kila Ijumaa. Nafungua mafaili ya timu moja baada ya jingine, na leya ya kwanza kuiangalia ni Defpoints.